Kidato cha Kumi na Nne

Mlango wetu zamani ulikuwa dirisha la chumba cha mama.
Fundi Mugaruka aliukata ukuta kwa patasi, siku tatu,
kuanzia kizingitini hadi usawa wa jiwe,
akajipangusa vumbi, akasema, "Piteni,"
tukapita, viti kichwani,
tukaingia orofani bila kupanda.

Ilijengwa shambani nyumba hii. Shambani hapa hapa.
Goma ilikuwa kule chini ziwani, vibanda na gati,
huku juu kahawa tupu
na Mbelgiji aliyetaka orofa
apate kuhesabu magunia akiwa bado na pajama.
Babu yangu ndiye aliyemchongea ngazi:
vidato kumi na saba vya jiwe jeusi,
jiwe la moto wa kale ambao hakuna aliyeukumbuka.
Alivichonga. Hakuvipanda.

Mbelgiji alipokimbia aliacha funguo kwa mpishi,
mpishi akaziuza kwa babu: mbuzi saba na baiskeli.
Wanasema siku hiyo babu alipanda, viatu mkononi,
na alipofika juu hakujua la kufanya,
akashuka.

Basi tukaanza kuiharibu, au kuijenga, sijui.
Babu akapachika baraza la mbao ubavuni,
nyumba ikafanana na mtu wa suti aliyevaa ndala.
Baba akakata ukumbi vipande vitatu kwa tripleksi.
Shangazi Katungu akatoboa ukuta wa barabarani, akauza unga.
Kila aliyeoa aliongeza chumba,
kila waliogombana waliongeza kufuli.
Nao mji ukapanda taratibu, ukatukuta, ukatupita,
ukatuachia avenyu na deni la umeme.

Halafu, Januari ile, mlima nao ukaja kujenga.
Haukuomba kibali cha komini.
Uliingia kwa mlango wa mbele kama mgeni wa heshima,
ukajaza ukumbi, ukajaza duka na mizani yake,
ukamega baraza la babu tonge moja
(sisi tulikuwa Gisenyi, juu ya magodoro,
anga jekundu, hakuna aliyesema neno "nyumba"),
ukaanza kupanda ngazi,
jiwe changa juu ya jiwe kuukuu,
kidato kwa kidato, hadi cha kumi na tatu.
Pale ukachoka.

Hatukuchimba.
Mlima ukishauchimba utautupa wapi?

Juzi amekuja kijana wa usanifu,
ana kipimo cha mwanga mwekundu na daftari safi,
anaorodhesha nyumba za zamani.
"Niandike orofa ngapi?"
"Mbili," shangazi akasema.
Kijana akatoka nje, akahesabu, akarudi.
"Naona moja, mama."
"Andika mbili. Ya chini ina mpangaji asiyehama."

Na sasa anaongeza ya tatu.
Chukudu imeshusha mifuko arobaini ya simenti,
mmoja umepasuka, kuku wamekuwa kijivu.
Mugaruka amezeeka, goti bovu,
anagonga ukuta, anautegea sikio kama daktari.
Hajawahi, anasema, kujenga juu ya msingi
wenye jiko ndani, na sufuria, na picha ya harusi.
"Ngazi mpya iwe na vidato vingapi?"
"Kumi na tatu," shangazi akasema.
"Ndivyo ninavyodai."

Jioni huwafundisha wajukuu hesabu ya kurudi nyuma
kwenye ile ngazi ya ndani, palipobaki.
Wanashuka wakishikana mikono:
kumi na saba, kumi na sita,
kumi na tano, kumi na nne,
hapo mdogo wao, Nzanzu, huruka kwa miguu miwili
akatua juu ya jiwe, akapiga kelele,
"Sufuri!"

Shangazi hamsahihishi.
Anasema, "Panda. Anza tena."